Kamba, Jiwe na Fito Tatu: Watoto wa Mbulu na Hanang Walivyofundishwa Udongo

Miteremko ya Kainam, katika nyanda za juu za Mbulu, ni mikali kiasi kwamba mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza hushangaa kuwa bado ina udongo. Wairaqw huiita nchi hii Irqwar Da'aw, na jina lake jingine ni Mama Isara. Iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, na ardhi imelimwa vizazi kwa vizazi. Kwa mahesabu ya kawaida, sehemu kama hii ingekuwa imebaki mawe matupu zamani sana.

Kilichoiokoa ni kazi. Ng'ombe walilazwa ndani na samadi yao ikapelekwa shambani. Udongo ulipogeuzwa, majani yalifukiwa humohumo, na matuta yakalazwa kukata mteremko badala ya kuufuata. Kingo za mashamba ziliachiwa nyasi, na vifereji vidogo vikachimbwa ili maji ya ziada yatoke polepole. Mabondeni penye unyevu pakapandwa viazi vitamu. Chemchemi nazo ziliheshimiwa na kuogopwa, kwa sababu watu waliamini kuwa ni makao ya mizimu ya majini.

Lowe Börjeson, mwanajiografia wa Sweden aliyechapisha utafiti wake juu ya kilimo cha nyanda hizi mwaka 2004, alieleza kuwa ardhi hii haikutengenezwa kwa mradi mmoja mkubwa. Ilitengenezwa kidogo kidogo, ndani ya kazi za kila siku, mwaka baada ya mwaka. Maelezo hayo yanatusaidia kuelewa pia jinsi watoto walivyojifunza. Mtoto hakuwa na somo lililoitwa hifadhi ya udongo. Alikata majani ya ng'ombe, akasaidia kusomba samadi, akashika jembe dogo nyuma ya mama yake. Tuta likilazwa vibaya, mvua ya kwanza ililionyesha kosa, na kesho yake lilirekebishwa mbele ya macho yake. Kazi na sababu yake vilifika pamoja.

Wakati wa ukoloni vitu hivyo viwili vilitenganishwa. Katika miaka ya 1930 dhoruba za vumbi zilifagia mashamba ya Marekani, na mwaka 1935 nchi hiyo ikaunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo. Hofu hiyo ilivuka bahari na kuingia katika ofisi za Waingereza Afrika Mashariki. Huko Mbulu maofisa waliwatazama ng'ombe na kuona kuwa wamezidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja kubwa zaidi, yaani Mpango wa Maendeleo ya Mbulu: mifugo ipunguzwe kwa kuuzwa, vichaka vyenye mbung'o vifyekwe, watu wapate ardhi mpya ya kulima na kuchungia.

Mpango huo haukuleta ghasia kama za kwingineko. Wairaqw walikuwa wakitafuta nafasi, na vichaka vilivyofyekwa viliwapa nafasi hiyo. Kule kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, watu walioamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani bila kuona faida yake walichoka, na mwaka 1955 vurugu zilizuka Matombo hadi serikali ikaachana na mpango wake. Tofauti ya sehemu hizi mbili inafaa kukumbukwa na kila anayetaka kumfundisha mtu udongo, mkubwa au mdogo. Hata hivyo, Mbulu nayo ilijifunza kuwa kuhifadhi ardhi ni jambo linaloletwa na bwana shamba mwenye daftari.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi hukumbuka agizo la kila shule kuwa na shamba, lakini ndani ya andiko lile kuna wazo zito kuliko shamba lenyewe. Mwalimu alitaka mbolea, malisho na matuta ya kuzuia mmomonyoko vifundishwe darasani wakati uleule vinapotendwa nje, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua mapato yatumikeje. Kwa maneno mengine, alitaka kurudisha shuleni kile ambacho mtoto wa Kainam alikipata nyuma ya mama yake.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi tunajua kilichotokea. Shamba la shule likawa mahali pa adhabu. Aliyechelewa namba alilima, aliyepiga kelele alilima, na mavuno yalikwenda mahali ambapo hatukuulizwa. Jembe lilibaki, maelezo yakapotea. Mimi siamini kuwa kosa lilikuwa la wazo. Madarasa yalijaa, hasa baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza kutekelezwa mwaka 1977. Mwalimu mmoja mwenye watoto wengi na majembe machache atawagawia mistari ya kulima, hatawaeleza maji yanakwendaje.

Pigo jingine lilitoka nje ya shule. Kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji ilizihamisha familia nyingi za Uiraqw mashariki kutoka kwenye maboma yao hadi vijiji vilivyopangwa. Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika jinsi uhamisho ule ulivyokata uhusiano wa watu na mahali walipopafahamu kwa kina. Mzee aliyeijua chemchemi fulani, mteremko fulani na mti fulani alijikuta mahali ambapo ujuzi wake haukuwa na pa kushika. Mjukuu wake alikulia kwenye ardhi ambayo hata babu alikuwa mgeni nayo.

Hanang ilipata somo lake kwa njia ya trekta. Nyanda za Basotu, zilizokuwa malisho ya Wabarabaig, ziligeuzwa mashamba saba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kila shamba lilikuwa na ekari zipatazo 10,000. Wafugaji walikuwa wakizungusha mifugo kwa majira, nyasi zipate kupumzika. Ngano ilihitaji ardhi iliyolimwa wazi, na mvua ilipoikuta wazi, makorongo yakachimbika na udongo ukateremka. Watoto wa Kibarabaig waliliona jambo hilo kwa macho, lakini hakuna kitabu cha shule kilichowaambia kuwa malisho ya baba zao yalikuwa na elimu ndani yake.

Njia ya kuirudia elimu ya namna hiyo ilianzia kwenye vilabu vya wanafunzi. Vilabu vya uhifadhi vya Malihai viliingia mashuleni kuanzia mwaka 1980, na mwaka 1991 kikundi cha wanafunzi jijini Dar es Salaam kilianza na Jane Goodall harakati ya Roots & Shoots, ambayo leo iko nchi nyingi duniani. Klabu haina adhabu. Mtoto huingia kwa sababu anataka, na hilo peke yake hubadili jinsi anavyoshika jembe.

Vifaa vya kuwafundishia watoto hao udongo ni rahisi sana. Kipimo cha A hutengenezwa kwa fito tatu: mbili zilizo sawa, kama mita mbili kila moja, hufungwa pamoja juu, na ya tatu hupita katikati kama mkono wa herufi yenyewe. Kamba yenye jiwe huning'inia kutoka juu. Watoto hukisimamisha kipimo, huweka alama pale kamba inapougusa ufito wa kati, kisha hukigeuza miguu ibadilishane nafasi na kuweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo hutembea nacho kukata mteremko, mguu mmoja ukibaki chini na mwingine ukisogezwa mpaka kamba itulie katikati, na kila hatua kigingi kinapigwa. Vigingi vikishakuwa vingi, mstari wa kontua unaonekana umepinda kufuata kilima. Mara nyingi watoto hubisha hapo, kwa sababu macho yao yaliwaambia mstari ungenyooka. Ubishi huo ndio somo lenyewe, na hesabu ya nusu na robo imeshapita bila mtu kulalamika.

Juu ya mstari huo huchimbwa fanya juu, ile njia iliyopata umaarufu kule Machakos, Kenya. Mtaro huchimbwa na udongo wake hutupwa upande wa juu, kisha ukingo hupandwa mabingobingo. Maji yanaingia ardhini, ng'ombe wanapata majani, na baada ya miaka kadhaa shamba lenyewe linaanza kulala kama ngazi.

Kuna jaribio jingine linalofaa hata shule isiyo na shamba. Chupa tatu za plastiki hulazwa na kukatwa upande wa juu, kisha hujazwa udongo uleule. Ya kwanza huachwa wazi, ya pili hufunikwa majani makavu, ya tatu hupandwa nyasi mapema zishike mizizi. Shingo za chupa huelekezwa kwenye vikombe. Zote humwagiwa maji ya kipimo kimoja kwa kopo lenye matundu. Kikombe cha kwanza hujaa haraka, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Kikombe cha tatu huchelewa, na maji yake ni karibu meupe. Mtoto aliyekwisha kuviona vikombe hivyo pamoja hahitaji kuambiwa kwa nini mabua hayachomwi.

Lazima niseme na jambo zito. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliteremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa jiolojia walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ikameguka. Tusiwadanganye watoto kwamba matuta na miti ya shule yangeuzuia mlima ule. Watoto wa Hanang wanastahili kufundishwa vyote viwili: kile ambacho mikono yao inaweza kukizuia shambani, na dalili zinazomtaka mtu ahame bondeni mapema. Kuangalia mteremko, kufuata njia ya maji, kutambua ufa mpya ardhini, vyote hufundishwa kwa kutembea nje na mwalimu.

Walimu wa Mbulu na Hanang, mvua za mwisho wa mwaka zisiwakute darasani na kitabu peke yake. Pelekeni darasa la sita nje na fito, kamba na jiwe, na waiteni wazee wa kijiji waje waeleze mashamba yalilimwaje zamani. Miche ikipandwa, wapeni watoto zamu ya kuleta maji kiangazi kizima, maana miche mingi ya shule hufa kwa kiu baada ya wageni kuondoka. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akisema tuta lenu limelazwa vibaya, mpeni kigingi awaonyeshe.