Gridi ya Umeme Yavuka Nile

Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954. Umeme wa gridi ya taifa uliwasili West Nile mwaka 2024. Ni miaka 70. Katika miaka hiyo Koboko ilitoa hata mkuu wa nchi, Idi Amin, aliyetawala tangu 1971 hadi 1979, na bado nguzo za gridi hazikuvuka mto.

Kilichovuka ni mafuta. Reli ilikuwa imefika Pakwach mwaka 1964, lakini Arua iliendelea kuwashiwa taa kwa jenereta, na dizeli ilipoadimika mji ulilala gizani. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo ilikabidhiwa kazi hiyo. Mtambo wake wa Arua ulikuwa wa megawati 1.5, nao ulitakiwa kuhudumia mji unaokua kila mwaka! Wakati huohuo mto Nyagak, karibu na Paidha, ulikuwa ukiporomoka bure. Kituo chake cha megawati 3.5 kilianza kazi mwaka 2012, baada ya kucheleweshwa mno, nacho kikaonekana hakitoshi.

Leo nyaya zipo. Hata hivyo, waya upitao juu ya shamba la mihogo haumulikii nyumba iliyo kando yake. Mwanakijiji wa Koboko atahitaji transfoma karibu, nguzo, mita na fundi wa nyaya za ndani, na gharama ya fundi humwangukia mwenye nyumba.