Neno "Paraklesis" na Kiswahili cha Kanisa la Pwani

Katika Agano Jipya la Kiyunani limo neno paraklesis, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kumwita mtu aje kando yako. Aitwaye ndiye parakletos, ambaye barazani huweza kuwa mtetezi wa mshtakiwa. Kufariji, kusihi, kuhimiza na kutia moyo, yote hayo Myunani aliyasikia katika neno moja. Kiswahili hakina neno moja la kuyabeba.

Ugumu huo haukuwa wa vitabuni tu. Upande wa Nyali, si mbali na Kongowea, Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga mwaka 1844, mwaka uleule alipoanza kufasiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1875 Church Missionary Society ilianzisha Frere Town katika ujirani huo, makazi ya watu waliotolewa na manowari za Kiingereza katika majahazi ya watumwa. Watu hao, ambao wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao, hawakutosheka na kupewa pole; walihitaji mtu wa kusimama nao.

Neno lililokuwa tayari ni faraja. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake lahusu kufungua na kuondoa dhiki. Waislamu wa pwani walikuwa wakiwafariji wafiwa wao kabla kanisa halijafika. Lakini faraja husubiri dhiki itangulie, kama methali isemavyo: baada ya dhiki, faraja. Barnaba wa Matendo hakumkuta Sauli akilia. Alimchukua akampeleka kwa mitume, watu wengine wakimwogopa. Hata hivyo Biblia ya Union ya 1952 yalifasiri jina lake kwa faraja. Kwingineko shina lilo hilo limekuwa kuonya (Warumi 12:8), Msaidizi (Yohana 14:16) na Mwombezi (1 Yohana 2:1), na msomaji hana njia ya kujua kwamba hayo ni ndugu.

Kuonya, kwa haki, hakukustahili lawama. Ni kumfanya mtu aone. Mazoea ndiyo yaliyolisogeza neno kwenye karipio. Habari Njema ilimpa Barnaba kutia moyo, na hapo ilipata zaidi. Kwa ile maana ya barazani, wakili lingalifaa kuliko yote, maana mbele ya kadhi wa Mombasa hakuna asiyejua kazi yake. Wafasiri wa Union walilipita.