Neno "Take Over" na Habari za Singida

Mwalimu afundishaye Kiingereza hupata taabu na yale maneno ya Waingereza yaliyo mawili kwa sura na moja kwa maana. Mtoto ajua ya kuwa "take" ni kutwaa au kuchukua, na "over" ni juu. Basi akikuta "take over" huandika "kuchukua juu", akaridhika kabisa. Kosa hilo husahihishwa kwa siku moja. Ninalotaka kulitaja ni kosa letu sisi walimu, nalo hukaa katika somo la historia miaka mingi.

Mlinzi ajapo kumpokea mwenziwe zamu, Waingereza husema "take over". Mwana ashikapo duka la marehemu baba yake, neno ni hilo. Tajiri anunuapo kampuni ya mwingine, au askari wapinduapo serikali, ni hilo hilo. Jina la kitu laweza kufuata maneno yote mawili au kukaa katikati yake. Bali "it" na "them" sharti zikae katikati. Na yule aliyeachia kitu hutajwa kwa neno "from", au hatajwi kabisa. Hapo ndipo penye hatari. Kwetu mtu hana budi kuchagua: alitwaa, alipokea, alirithi, alikabidhiwa, alinyang'anya. Kila moja la maneno haya lamfunua yule wa kwanza, kwamba alitoa kwa hiari, au amekufa, au alifukuzwa.

Haya, tuyajaribu katika nchi yetu ya Singida. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Van Deventer lilitoka Kondoa, likaifikia reli pale Dodoma mwezi wa Julai, na muda si mwingi Singida nayo ikawa mikononi mwa Waingereza. Hapa sina shaka: walitwaa. Wadachi hawakutoa kwa hiari, wala Wanyaturu na Wanyiramba hawakuulizwa neno. Lakini Mkataba wa Chama cha Mataifa wa mwaka 1919, katika kifungu cha 22, uliziita nchi za namna hii amana takatifu, na mwaka 1922 Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa sharti hilo. Sasa neno limegeuka, limekuwa kukabidhiwa. Maana amana ina mwenyewe, naye aliyekabidhiwa hudaiwa hesabu. Mwanafunzi aandikaye "walitwaa" mara zote mbili hataelewa kwa nini Mwalimu Nyerere alikwenda New York mwaka 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alikwenda kuuliza habari za amana.

Kazi ya Injili huko Iramba ilianzwa na Wadachi wa misioni ya Leipzig kabla ya vita ya 1914. Vita iliwaondoa, na katika miaka ya 1920 Waamerika wa misioni ya Augustana wakaishika kazi. Je, walitwaa? La. Walipokea, kama mtu akutanaye na mwenziwe njiani akamwambia, "Nikupokee mzigo." Vita ya pili ilipowatia Wadachi kizuizini, Waamerika hao walizitunza na misioni nyingine za Wadachi, zilizoitwa yatima, na yatima hatwaliwi, hulelewa. Walakini hata "kupokea" halitoshi. Mahali pengi Wadachi walipokuwa hawapo, walimu Waafrika ndio walioendesha ibada na shule, nao hawaonekani katika neno lile la Kiingereza hata kidogo.

Palipo pagumu zaidi ni habari za shule. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misioni ziliwekwa chini ya Serikali. Hata Kinampanda, chuo cha ualimu kilichoanzishwa na misioni ya Augustana, leo ni cha Serikali. Wengine husema zilitaifishwa. Wako wazee wa kanisa wasemao zilinyang'anywa. Kwa muda mrefu nami niliandika ubaoni "zilikabidhiwa", kwa kuwa ni neno la adabu, lisilomwudhi mtu. Nimeliacha, kwa sababu si kweli. Sasa naandika "zilitwaliwa kwa sheria", kisha naeleza kusudi lake, kwamba mtoto asinyimwe nafasi kwa ajili ya dini yake. Jambo ambalo Waislamu wengi walikuwa wamelilalamikia, tena kwa haki.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Basi, Mwalimu, shule zilipotwaliwa, walimu wake nao walitwaliwa?" Darasa likacheka. Nilimjibu kwamba wengi waliingia darasani kesho yake kama desturi, na daftari za mahudhurio zilikuwa zile zile. Akauliza neno la hilo kwa Kiingereza. Nikamwambia ni "carry on", nalo tutalisoma wiki ijayo.