Kulala mlimani Mikumi: kimya chake, bei yake na njia za kufika

Wengi wetu Mikumi tunaijua kupitia dirisha la basi. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, Mbeya au Songea, barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi. Matuta yanaanza, dereva anapunguza mwendo (kama ana akili), abiria wa upande mmoja wanainuka kuangalia swala upande wa pili, kuna ubao unaoorodhesha faini kwa kila aina ya mnyama utakayemgonga, halafu mnatokea Mikumi mjini mnakula chipsi. Safari imeisha, na mtu anasema ameshafika Mikumi.

Naandika hii kwa yule anayetaka kulala, tena kulala mahali patulivu, mlimani. Nimeshaulizwa mara nyingi, na nilipompeleka shangazi yangu usiku mmoja nikaona bora niweke yote mahali pamoja.

Kwanza mjue mahali penyewe. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na iko kama kilomita 283 kutoka Dar es Salaam. Moyo wake ni uwanda wa Mkata: nyasi, mibuyu, na mikumi yenyewe, ile mitende mirefu iliyopa mahali jina. Uwanda huu umezungukwa na milima, Uluguru upande wa mashariki, Rubeho upande wa magharibi, na kusini hifadhi inapakana na iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Nyerere. Pembeni mwa uwanda kuna vilima vya miombo, na huko ndiko kwenye kimya.

Watu hupenda kutuma picha za hoteli za Santorini kule Ugiriki, zilizoning'inia kwenye ukingo wa volkano iliyolipuka miaka kama 3,600 iliyopita. Pazuri, sikatai. Lakini mapema 2025 ardhi ilitetemeka kule mfululizo mpaka maelfu ya watu wakaondoka kisiwani. Vilima vyetu ni vya aina nyingine. Uluguru na Rubeho ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, miamba mikongwe mno iliyoinuliwa kwa ardhi kupasuka, siyo volkano. Mwenye hamu ya volkano hai aende Ol Doinyo Lengai.

Sasa malazi. Hapa watu wengi wanakosea, manake wanauliza "hoteli ya Mikumi" kama vile ni moja. Ziko za aina tatu. Ya kwanza ni za Mikumi mjini, pembeni ya lami, nje ya hifadhi. Bei nafuu, chakula kipo muda wote, ila malori ya Zambia na Kongo yanapiga breki usiku kucha na asubuhi utaamka umechoka kuliko ulivyolala. Ya pili ni malazi ya ndani, karibu na makao makuu ya hifadhi pale Kikoboga. Wanyama unao, lakini barabara kuu nayo unayo. Ya tatu ni kambi za mahema za mlimani. Zinazojulikana zaidi ni Vuma Hills, kusini mwa barabara kuu, na Stanley's Kopje, kaskazini, juu ya kilima cha mawe kinachotazama uwanda. Hiyo ya pili imebeba jina la Henry Morton Stanley, aliyehangaika kwenye tope la Mkata wakati wa masika ya 1871 akimtafuta Livingstone. Wazee watakumbuka pia Mikumi Wildlife Lodge ya enzi za mashirika ya umma, iliyotazama bwawa la kunyweshea wanyama. Hiyo ni historia, usije ukapanga safari ukiitegemea.

Tulikolala sisi sitakutaja, hapa si mahali pa matangazo. Zote za mlimani zinafanana kwa mpangilio: hema kubwa la turubai juu ya jukwaa la mbao, kitanda cha kweli, choo na bafu nyuma, baraza mbele. Sehemu ya kulia chakula iko peke yake, na giza likiingia huendi popote bila mlinzi mwenye tochi. Hilo si mbwembwe. Hakuna uzio.

Shangazi yangu ana miaka sabini na kitu, amelima upande wa Kilosa maisha yake yote. Hajawahi kulala hifadhini hata siku moja, na sidhani kama yuko peke yake katika wilaya ile. Tulikaa barazani jua likizama. Kutoka juu unaona uwanda wote unageuka rangi, Uluguru kwa mbali inakuwa bluu, na lami ile yenye fujo imefichwa na kilima, husikii hata honi. Hii ndiyo siri ya kulala mlimani, na ndiyo swali la kuuliza kabla hujalipa: je, kuna mgongo wa kilima kati ya hema langu na barabara? Kama hakuna, usiku ukitulia utasikia malori vile vile.

Baada ya chakula wakaja tembo. Hatukuwaona, tuliwasikia wakivunja matawi chini ya kilima. Mimi nimefurahi kama mtoto, natafuta simu nirekodi. Shangazi amekaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Mwanangu, hawa hawa kule shambani tunakesha tunawapigia madebe. Huku tumelipa ili tuwasikie."

Sikuwa na jibu. Wanaoishi pembezoni mwa hifadhi wanajua: tembo wakiingia kwenye mahindi yaliyokomaa, usiku mmoja unatosha kumaliza msimu. Tangu kanuni za 2011 serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyeuawa, na neno lenyewe linakuambia kwamba siyo fidia kamili. Kuna wakulima wanaozungushia mashamba kamba zilizopakwa pilipili, wengine mizinga ya nyuki, kwa sababu tembo anaogopa nyuki. Vinasaidia, lakini mtu bado analala nusu jicho. Kwa hiyo mdau unaposikia "utulivu wa Mikumi", jua upande wa pili wa mpaka kuna mtu ambaye usiku ule ule hajalala.

Usiku wenyewe ulikuwa mzuri. Fisi, bundi, na alfajiri simba mmoja kwa mbali sana. Mngurumo wa simba unasafiri hata kilomita 8, hivyo msiogope mkisikia. Wa kuogopa ni nyani, hasa asubuhi ukiacha zipu ya hema wazi na una ndizi. Na mbung'o wa miombo wanauma kweli kweli. Nguo za bluu na nyeusi zinawavuta, vaa rangi ya majani makavu.

Bei. Kambi za ndani si za bei ya gesti, tusidanganyane. Sababu mojawapo ni kwamba kambi hulipa ada kwa hifadhi kwa kila mgeni anayelala. Ila raia na mkazi ana bei yake, mara nyingi chini sana kuliko ya mgeni wa nje, na hawakwambii mpaka uulize. Mimi sehemu moja nilipopiga simu kwa mara ya kwanza nilitajiwa dola, nikakata tamaa. Kupiga tena nikasema mimi Mtanzania, bei ikawa nyingine kabisa. Uliza pia kama chakula kimo, kama kodi imo, na kama gari la kutembelea wanyama ni malipo tofauti. Kiingilio cha hifadhi raia analipa kwa shilingi, kiasi kidogo ukilinganisha na mgeni, ni cha saa 24, na getini hawapokei taslimu. Beba kitambulisho, na fika kabla jua halijazama.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Nyasi zimekauka, wanyama wanasogea kwenye maji, na yale mabwawa ya viboko karibu na geti yanajaa shughuli. Juni na Julai usiku kuna baridi huko juu, beba sweta. Machi hadi Mei ule udongo mweusi wa Mkata unageuka gundi, njia nyingi za ndani hazipitiki, ila vilima ni kijani na bei hushuka.

Kufika. Rahisi kabisa ni basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, au treni ya SGR mpaka Morogoro (inafanya kazi tangu 2024, haifiki hata saa mbili) halafu basi kutoka Msamvu. Kambi za mlimani hazipo njiani, panga nao wakufuate.

Njia nyingine, ninayoipenda zaidi, ni kupitia Kilosa. Treni ya kawaida ya SGR inasimama pale. Mji wenyewe ni wa reli ya kati ya Wajerumani, na Mto Mkondoa umeutesa kwa mafuriko, mabaya yakiwa yale ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliyobomoa reli na kuacha maelfu bila makazi. Wilaya hii hii ndiyo ya Msovero, kwa Chifu Mangungu wa kwenye vitabu vyetu vya historia, aliyewekeana mkataba na Karl Peters mwaka 1884. Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni kilomita 70 na ushee. Nilipopita mimi sehemu kubwa ilikuwa vumbi tupu. Katikati utapita kata inaitwa Ulaya. Piga picha, rudi ukawaambie watu umefika Ulaya bila viza.

Asubuhi kijana aliyetuletea chai alikuwa wa huko Ulaya. Shangazi alipojua, habari ya tembo ikaisha. Akamuuliza kwao ni kwa nani, mvua imekuwaje, halafu akamuuliza nyanya na mchicha tunaokula hapa wananunua wapi.

"Gari huleta kutoka Morogoro mjini, bibi."

Shangazi akamtazama, akatazama sahani. "Na kwenu mnalima nini?"

"Nyanya," kijana akasema.