Kuhama na Kurudi: Historia ya Mifumo Endeshi katika Utawala wa Jiji la Munich, 2003–2020

Utangulizi

Mfumo endeshi ni programu inayoziwezesha programu nyingine zote za kompyuta kufanya kazi. Mtumishi wa ofisi huufikiria mara chache, kwani macho yake yako kwenye barua anayoiandika na fomu anayoijaza. Hata hivyo, historia za kuhama kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine mara nyingi huandikwa kana kwamba mfumo huo pekee ndio uliokuwa ukishindaniwa. Insha hii inachunguza Jiji la Munich, makao makuu ya jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, ambalo lilihama kutoka Windows kwenda Linux, kisha likaamua kurudi. Hoja yake ya msingi ni kwamba hatima ya uhamaji huo iliamuliwa na mambo mawili yaliyo nje ya mfumo endeshi wenyewe, yaani nyaraka ambazo jiji lilikuwa limejilimbikizia na mgawanyo wa mamlaka juu ya kompyuta ndani ya utawala.

Chimbuko la uamuzi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utawala wa Munich ulikuwa na kompyuta za mezani zipatazo 14,000, zilizotumia Windows NT 4.0, mfumo uliotolewa mwaka 1996. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kuacha kuuhudumia. Maana yake ni kwamba kasoro za usalama ambazo zingegunduliwa baadaye zisingerekebishwa tena na mtengenezaji, na jiji lisingeweza kuzirekebisha lenyewe, kwa kuwa msimbo wa mfumo huo ni mali ya kampuni. Hivyo, jiji lililazimika kuhama kwa vyovyote vile, na lililobaki kujadiliwa ni mahali pa kuhamia.

Baraza la Jiji liliagiza uchunguzi wa kitaalamu wa kulinganisha njia mbalimbali, zikiwamo kuhamia toleo jipya la Windows na kuhamia Linux pamoja na programu huria za ofisi. Shindano hilo lilionekana kuwa zito kiasi kwamba mwaka 2003 Steve Ballmer, mtendaji mkuu wa Microsoft wakati huo, alisafiri mwenyewe kwenda kuonana na Meya Christian Ude, na kampuni ikapunguza bei yake. Pamoja na hayo, tarehe 28 Mei 2003 Baraza lilipiga kura kuichagua Linux, na mwezi Juni 2004 likaidhinisha mpango wa utekelezaji. Mradi huo ulijulikana kwa jina la LiMux.

Ni kosa kudai kuwa Munich ilihama kwa ajili ya kubana matumizi tu. Katika ulinganisho wa gharama peke yake, njia ya Linux haikuwa na ushindi wa wazi. Uzito wake ulitokana na hoja ya kimkakati kwamba taasisi ya umma haipaswi kupangiwa na muuzaji mmoja ni lini ibadilishe vifaa vyake, na kwa bei gani. Kwa maneno mengine, kilichotafutwa kilikuwa uhuru wa kuamua.

Utekelezaji na mzigo wa nyaraka

Kompyuta za kwanza zilihamishwa mwaka 2006, na mradi ulifungwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2013, baada ya kuchelewa sana kuliko ilivyopangwa. Kiini cha ucheleweshaji huo kilikuwa hali iliyokutwa ofisini. Idara za jiji zilihudumiwa na vitengo vya kompyuta zaidi ya 20, na kila kimoja kilikuwa na taratibu zake, programu zake na njia yake ya kuweka kumbukumbu. Kabla ya kuhamisha chochote, mradi ulilazimika kwanza kujua jiji lilikuwa na nini.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika violezo, yaani barua na fomu zilizotayarishwa ili mtumishi ajaze sehemu chache tu. Violezo hivyo vilihesabika kwa maelfu. Vingi vilikuwa na amri ndogo zilizoandikwa kwa ajili ya programu ya ofisi ya Microsoft, ambazo hazikufanya kazi katika OpenOffice.org iliyochaguliwa kuchukua nafasi yake. Wataalamu wa jiji waliunda programu ya kusimamia violezo iliyoitwa WollMux, na mwaka 2008 wakaitoa kama programu huria ili taasisi nyingine ziweze kuitumia.

Tukio hilo lina uzito wa kihistoria, kwa kuwa linaonyesha mahali utegemezi ulipokuwa umejificha. Leseni ya Windows ingeweza kuachwa kwa uamuzi mmoja wa kikao, lakini nyaraka zilizotayarishwa kwa miaka mingi kwa kufuata muundo wa kampuni moja zilidai kazi ya miaka mingi pia. Aidha, jiji halikuwa kisiwa. Serikali ya jimbo, wafanyabiashara na wananchi waliendelea kuliletea mafaili yenye muundo wa Microsoft, na kila faili lililofunguka likiwa limevurugika lilihesabiwa kuwa kosa la Linux.

Hadi mradi unafungwa, kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zikitumia LiMux, idadi iliyovuka lengo la 12,000. Mwaka 2012 jiji lilitangaza kuwa limeokoa zaidi ya yuro milioni 10 kwa kulinganisha na njia ya Windows. Utafiti uliofanywa na kampuni ya HP kwa niaba ya Microsoft ulipinga hesabu hiyo, na jiji nalo likaupinga utafiti huo.

Uamuzi wa kurudi

Mwaka 2014 Dieter Reiter alimrithi Ude. Wote wawili walitoka chama cha SPD, ila safari hii SPD iliongoza jiji pamoja na chama cha CSU. Malalamiko ya watumishi yalianza kusikika zaidi katika ngazi ya juu ya uongozi. Ripoti ya washauri iliyotolewa mwaka 2016, ambamo kampuni ya Accenture ilishiriki, ilipendekeza kuwapo kwa kompyuta za Windows zenye mpangilio mmoja. Hata hivyo, ripoti hiyohiyo ilieleza kuwa sehemu kubwa ya matatizo ilitokana na mpangilio wa kazi na mamlaka. Mwezi Februari 2017 Baraza liliagiza mpango wa kurejea Windows ifikapo mwisho wa mwaka 2020, na mwezi Novemba likauidhinisha. Gharama ya kurejea huko ilikadiriwa kukaribia yuro milioni 50.

Tathmini

Maelezo mawili yamezoeleka. La kwanza linasema Linux ilishindwa. Dai hili halikubaliani na ukweli kwamba mfumo huo uliendesha kazi za jiji kubwa kwa miaka kadhaa, wala na ripoti iliyoelekeza lawama kubwa kwenye mpangilio wa taasisi. La pili linasema jiji lilivutwa na Microsoft, ambayo mwaka 2016 ilihamishia ndani ya Munich makao yake makuu ya Ujerumani kutoka mji jirani. Kuhama kwa ofisi hizo ni jambo la hakika, lakini kufuatana kwa matukio mawili si uthibitisho kwamba moja ndilo lililozaa jingine.

Maelezo yanayobeba ushahidi wote ni ya kitaasisi. Mtumishi ambaye kompyuta yake imezeeka, au ambaye ombi lake la msaada limezungushwa kati ya vitengo vitatu, hana namna ya kutenganisha kasoro ya mfumo endeshi na kasoro ya utawala. Jina analolijua ni LiMux, na ndilo analolilaumu. Uongozi mpya ulikuta lawama hizo zimekwisha kupata anwani.

Hitimisho

Mwaka 2020, baada ya uchaguzi, chama cha Kijani na SPD walikubaliana kuendesha jiji kwa kuzipa kipaumbele programu huria na miundo wazi ya mafaili pale inapowezekana kiufundi na kifedha. Munich ilibadili mwelekeo mara mbili ndani ya miaka mitatu bila Linux wala Windows kubadilika kwa kiasi cha kueleza mageuko hayo. Leseni huria iliipa Munich haki ya kuamua. Kuidumisha haki hiyo kulihitaji kitu ambacho leseni haitoi, nacho ni utawala wenye mamlaka moja juu ya vifaa vyake na nyaraka zisizofungwa kwa muuzaji yeyote. Historia ya mfumo endeshi katika taasisi ya umma haina budi kuanzia kwenye kabati la mafaili na orodha ya madaraka, ndipo ifike kwenye kompyuta.