Jehanamu ya DLL: Kutoka Migori hadi Homa Bay



Mwaka 2004 niliandika programu ya mauzo kwa Visual Basic 6. Huku Migori ilifanya kazi safi. Nikapanda matatu kupitia Rongo hadi Homa Bay, kwa muuza samaki mmoja. Ikagoma: faili la mscomctl.ocx lililokuwemo lilikuwa la zamani. Nikaweka langu juu yake. Programu yangu ikafunguka, ya hesabu zake ikafa! Na nakala ya lile la kwanza sikutunza.

Chanzo ni nini? Tangu Windows ya kwanza, 1985, programu nyingi zilichota maktaba moja kama majirani kisimani, maana kumbukumbu ilikuwa ndogo na diski ghali. Kila mgeni akaja kubadilisha kisima. Windows 2000 ikaanza kulinda mafaili yake ya mfumo, lakini hilo langu halikuwa mojawapo. XP, 2001, ikaruhusu kila programu kuwa na toleo lake.

Nililala Homa Bay. Asubuhi CD yake ya hesabu ilipatikana, tukapakia upya.

Ndugu msomaji, nakili kwanza, ndipo ubadilishe.