Rubani, Karao na Amri Kutoka Juu

Obunga, jibu la kila swali kuhusu polisi ni moja: amri kutoka juu. Nani alisema milango ivunjwe usiku? Amri kutoka juu. Mbona risasi, na watu walikuwa wameshakimbilia ndani? Amri kutoka juu. Kina mama wanaokaanga mgongo wazi wanalijua hilo jibu, watu wa boda wanalijua, na karao mwenyewe ukimkuta siku ametulia, hana kofia ya chuma wala ngao, atakwambia yeye ni mtu wa kutumwa tu.

Hilo neno "juu" lina kazi mbili. Kwa aliye chini, linamtua mzigo. Kwa aliye juu, linamficha, maana juu haina namba ya nyumba. Mzigo unapanda, hakuna anayeupokea, na waliozika wanabaki na makaburi yao.

Kwa hivyo swali ambalo watu hupenda kulijadili kama la darasani, kwamba mwanajeshi au polisi akipewa amri haramu akatae ama ajiuzulu, huku kwetu si la darasani. Na Kenya ina kisa kimoja cha kukataa ambacho nashangaa hatukufundishwa shuleni.

Ni Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa Jeshi la Wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, mtu wa cheo cha chini kabisa ukilinganisha na alichokitaka, wameteka redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela ametolewa kwake na kulazimishwa kuwatangazia Wakenya kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Huko Nanyuki, kwenye kambi ya ndege za kivita, kundi la waasi likiongozwa na Koplo Bramwel Njereman linawakamata marubani watatu: Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. Amri ni fupi. Rukeni Nairobi, pigeni Ikulu na makao makuu ya GSU.

Makao ya GSU yako Ruaraka, Thika Road. Ukiijua Nairobi unajua ni nani wanaishi karibu na hapo. Bomu la ndege halisomi lebo ya lango.

Mutua hakusema "sikubali". Angesema hivyo angepigwa risasi pale pale, na waasi wangetafuta mwingine. Hakuandika barua ya kujiuzulu pia, si ndio? Aliruka. Lakini alijua kitu ambacho koplo hakukijua: mtu ambaye hajawahi kupanda ndege ya kivita hawezi kuistahimili. Ndege ikikata kona kwa kasi ile, damu inakimbia kichwani inashuka miguuni, macho yanaingia giza, tumbo linageuka. Marubani wakakubaliana kuichezesha. Wakapinda, wakapanda, wakashuka, mpaka mlinzi wao hakujua tena mbingu iko wapi na ardhi iko wapi. Mabomu wakayamwaga kwenye msitu wa Mlima Kenya, kisha wakarudi Nanyuki.

Kuna msee atasema: hiyo si amri haramu, hiyo ni kutekwa nyara. Koplo hana mamlaka juu ya meja. Kumkataa koplo ni kumtii Rais, kwa hivyo Mutua alitii tu, basi. Kisheria hoja hiyo imekaa sawa. Lakini jiweke kwenye kiti chake asubuhi ile. Redio ya serikali ndiyo iliyokuwa ikisema serikali imeanguka. Kama mapinduzi yangefaulu, kufikia jioni Ochuka ndiye angekuwa "juu", na Mutua angekuwa mwasi aliyeharibu operesheni. Hakuwa na njia ya kujua aliyekaa juu ni nani. Alichoweza kukipima ni kitendo chenyewe: mabomu juu ya watu wa Nairobi. Ndiyo maana nadhani kisa chake kina uzito kuliko visa vya wanajeshi waliokataa huku wakijua upepo unavuma upande wao.

Tusijidanganye kuhusu upande wa pili, hata hivyo. Tarehe hiyo hiyo ndiyo inayotumika kila mara mtu akisema askari wawe na haki ya kukataa. Waliokataa kutii serikali siku ile walikuwa wengi, na mji uliishia kwenye uporaji na maiti barabarani. Jeshi lote la Wanahewa likavunjwa, wenye hatia na wasio na hatia wakafungiwa pamoja. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa Julai 1987. Kisumu nayo ilipata sehemu yake: Jaramogi Oginga Odinga akawekwa kizuizini nyumbani kwake, mwanawe Raila akatupwa jela bila kesi. Jeshi ambalo kila private anachagua amri ya kutii ni hatari kwa raia kuliko kwa rais. Nakubali. Ila hoja hiyo inahusu askari wanaotaka kutawala, na swali letu ni la askari asiyetaka kuua. Watu huzichanganya hizi mbili makusudi.

Turudi nyumbani. Tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kuu mpya iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wazee bado wanaiita Russia, hata baada ya kupewa jina la Jaramogi. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai, mji ulikuwa na hasira. Kenyatta na Odinga wakatupiana maneno mbele ya umati, fujo ikazuka, walinzi wa Rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Simulizi za Kisumu, na ushahidi uliokuja kutolewa baadaye mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, zinataja wengi zaidi ya hao. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku.

Katika simulizi hizo kuna jambo moja linalonikaa kooni. Risasi hazikuishia hospitalini. Msafara ulipoondoka, ziliendelea kando ya barabara ya kuelekea Ahero, kwa watu waliosimama kuangalia magari yakipita. Pale hospitalini mlinzi anaweza kujitetea: mawe yalirushwa, rais alikuwa hatarini, nilikuwa na sekunde mbili. Barabarani hana utetezi huo. Mtoto aliyesimama ukingoni mwa lami si tishio kwa mtu anayepita kwenye gari linalokimbia. Kama kuna mstari kati ya amri ngumu na amri haramu, uko mahali fulani kati ya lango la Russia na Ahero. Na kila aliyekuwa na bunduki aliuvuka akiwa kwenye gari.

Januari 2008 kamera ya televisheni ilimnasa polisi akifyatulia risasi vijana Kondele, mchana kweupe, nchi nzima ikaona. Afisa aliyeshtakiwa aliachiliwa mwaka wa 2010, baada ya mahakama kukuta kwamba bunduki iliyopimwa na wataalamu siyo iliyoandikwa kwamba alipewa. Tume ya Jaji Waki iliandika watu 1,133 waliouawa nchini katika vurugu zile, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Tusonge.

Agosti 2017. Usiku matokeo ya urais yalipotangazwa, polisi waliingia Kondele, Manyatta, Nyalenda na Obunga, ploti kwa ploti. Nyalenda waliuvunja mlango wa nyumba aliyolala Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita, akapigwa kichwani akiwa mikononi mwa mamake. Alikufa tarehe 15. Februari 2019 hakimu wa Kisumu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho alisema makamanda watano wa polisi wanapaswa kuwajibika. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa 12, na kwa mara ya kwanza Kenya ikatumia Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008: uhalifu dhidi ya binadamu, pamoja na dhima ya kamanda kwa yale yaliyofanywa na walio chini yake. Omera, soma hapo tena. "Juu" ilipewa namba ya nyumba. Kisha kusomwa kwa mashtaka kukaahirishwa, kukaahirishwa tena.

Sheria yenyewe haina utata sana. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kwenye kanuni zake za kutumia nguvu, inasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Jeshini kosa ni kuasi amri halali. Neno "halali" halikuwekwa pale kwa mapambo. Na Mkataba wa Roma, ambao Kenya iliuridhia 2005, unahesabu amri ya kutenda uhalifu dhidi ya binadamu kuwa haramu waziwazi, ya aina ambayo mtu hawezi kusema hakujua.

Basi ajiuzulu? Hapa ndipo sikubaliani na wengi. Kujiuzulu ni silaha ya wakubwa, na hata wao haiwatii vizuri. Uganda, Desemba 1996, Meja Jenerali David Tinyefuza aliandika barua ya kuacha jeshi baada ya kuulizwa kuhusu yale aliyoiambia kamati ya Bunge juu ya vita vya kaskazini. Serikali ikakataa barua yake. Akaenda Mahakama ya Katiba akashinda. Mahakama ya Juu ikaupindua ushindi huo 1998, na jenerali akabaki mwanajeshi kwa lazima. Kwetu, Inspekta Jenerali Japhet Koome alijiuzulu tarehe 12 Julai 2024, baada ya maandamano ya Gen Z, wakati Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu makumi ya waliokufa. Kujiuzulu baada ya mazishi kunamsaidia nani? Barua ingekuwa na maana kabla ya tarehe 25 Juni, ikiwa na sababu zake, hadharani, nchi nzima ikisoma.

Na konstebo aliyesimama kwenye giza la Obunga saa nane usiku, hana barua ya kuandika. Ana mkopo wa Sacco, ana nyumba ya serikali ambayo familia yake itatolewa, ana afande nyuma yake na wenzake kulia na kushoto. Akitupa bunduki aondoke, hiyo ni kutoroka kazi, na bunduki itaokotwa na mwingine. Alichobaki nacho ni kile alichokuwa nacho Mutua: mwili wake na ujuzi wake. Anaweza kuchelewa. Anaweza kupiga juu. Anaweza kuuangalia mlango na kusema humu hakuna mtu, twende. Naamini usiku ule wako waliofanya hivyo, kwa sababu kuna milango mtaani haikuguswa. Majina yao hayako popote, na hawawezi kujitokeza bila kujishtaki kwa mkubwa wao.

Kuna kitu kingine anachoweza, na hakihitaji ushujaa wa rubani. Kila kituo cha polisi nchini kina OB, kitabu ambacho hata kuku aliyepotea anaandikwa. Aulize, mbele ya wenzake, kabla lori halijaondoka: afande, hii ya kuingia kwenye nyumba za watu, inaandikwaje kwenye OB, na kwa jina la nani?